Goti limepasuliwa Mwanza, mazoezi yafanyike wapi? Hesabu ya mgonjwa wa Kamanga

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lile linalokatiza Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo, Misungwi, hadi Busisi, Sengerema. Lina urefu wa kilomita 3. Tangu siku hiyo, mgonjwa anayetoka Sengerema mjini au Geita kwa gari kuelekea Bugando hasubiri tena kivuko pale Busisi. Hilo ni jambo kubwa na tumelizungumza sana hewani.

Leo tunamwangalia mgonjwa huyohuyo akiwa anarudi nyumbani. Amepasuliwa goti, kidonda kimefungwa vizuri, amepewa magongo na tarehe ya kurudi kliniki. Ameambiwa pia neno moja ambalo wengi hulisikia nusunusu kwa sababu ya uchovu na hamu ya kwenda nyumbani: "Ukafanye mazoezi."

Mazoezi gani? Mara ngapi kwa siku? Nani atayaangalia? Kwa mtu anayeishi mjini Mwanza, jibu linaweza kuwa kupanda daladala hadi hospitali. Kwa mtu wa Kamanga, Nyamatongo au Katunguru, jibu hilo lina kivuko ndani yake. Na daraja halimsaidii sana huyu wa Kamanga, kwa sababu feri ya Kamanga inamshusha katikati ya jiji, wakati kupita Busisi ni kuzunguka hadi Sengerema kwanza.

Hoja yetu katika makala hii ni kwamba operesheni ya goti ni sehemu ya kwanza tu ya matibabu. Sehemu ya pili ni mazoezi tiba, na hiyo ndiyo inayopotelea njiani kwa watu wa vijijini. Inaweza kuokolewa bila kujenga jengo jipya.

Kwa nini magoti ni habari Kanda ya Ziwa

Magoti yanaumia kwa njia nyingi: kuteleza kwenye mawe ya mwaloni, kudondoka kutoka kwenye lori la mizigo, mpira wa mchangani, au uzee unaokula gegedu, ile sehemu laini inayozuia mfupa kusugua mfupa. Lakini chanzo kikubwa cha majeraha ya viungo kwa vijana wetu tunakijua sote. Utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya ajali za barabarani zilizowaleta majeruhi pale zilihusu pikipiki. Tangu wakati huo bodaboda zimeingia hadi vijiji ambavyo zamani vilifikiwa kwa baiskeli.

Pikipiki inapoanguka, goti huwa mbele. Pia ya goti inaweza kuvunjika, mfupa wa muundi ukapasuka pale juu unapoungana na goti, au kano zinazoshikilia goti zikakatika. Daktari wa mifupa huunganisha mfupa kwa vyuma na skrubu, au hurekebisha kano. Kwa mzee ambaye gegedu limekwisha, anaweza kuwekewa goti bandia. Nchini mwetu taasisi ya taifa ya kazi hizi ni MOI, pale Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Huku kwetu wagonjwa wengi wa mifupa huelekezwa Bugando au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure.

Operesheni inafanya nini, na nini haifanyi

Operesheni hurudisha vitu mahali pake. Haiwezi kurudisha nguvu wala mwendo. Baada ya upasuaji, msuli mkubwa wa mbele ya paja husinyaa haraka, na ukiweka viganja vyako juu ya mapaja mawili utaona tofauti ndani ya wiki chache tu. Ndani ya goti, makovu huanza kujijenga. Goti lisiposogezwa kwa wakati wake, makovu hayo hukaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Likishakaza, kulilegeza ni kazi ya miezi, na wengine hulazimika kurudishwa chumba cha upasuaji.

Tuseme kwa vipimo. Goti lililonyooka kabisa ni digrii 0. Likikunjwa kama kona ya meza ni digrii 90. Kutembea barabarani kunahitaji goti likunjike kama digrii 60 hadi 70. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila shida kunahitaji 90 au zaidi. Kuchuchumaa kunahitaji zaidi ya 120.

Sasa pima vipimo hivyo kwa maisha ya mwambao wa ziwa. Choo cha shimo kinataka kuchuchumaa. Kuanika dagaa, kukaa kwenye kigoda jikoni, kupanda mtumbwi, kusujudu au kupiga magoti kwenye ibada, kupanda nyuma ya bodaboda, vyote vinataka goti linalokunjika. Mtu wa mjini mwenye kazi ya mezani anaweza kuishi na goti la digrii 90. Mama anayeanika dagaa atapoteza riziki yake. Kwa hiyo anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeishi mbali zaidi na mtaalamu wa mazoezi.

Hesabu ya safari

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyepangiwa kwenda hospitali mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Hizo ni safari 12. Mtu mwenye magongo hawezi kusafiri peke yake, hivyo anakwenda na msindikizaji. Kwenda na kurudi, watu wawili, ni nauli 48 za kivuko. Bado hujahesabu bodaboda ya kumtoa nyumbani hadi kivukoni, usafiri wa mjini, chakula cha mchana, na siku 12 ambazo msindikizaji hakwenda shamba wala ziwani.

Familia nyingi hufanya hesabu hiyo kimyakimya. Wanakwenda mara ya kwanza, mara ya pili, kisha wanaacha. Hospitali wanaweza kuona mgonjwa mzembe. Ukweli mara nyingi ni kwamba mfuko umekwisha.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo huduma za utengamao, yaani huduma za kumrudisha mtu kwenye uwezo wake, zingewasaidia. Linasema pia kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya wanaohitaji huduma hizo hawazipati, na nchi nyingi za kundi hilo zina wataalamu wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hizi kwenye mifumo yao ya afya, hadi ngazi ya chini.

Je, nyumbani panatosha?

Kuna habari njema. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti kutoka Australia uliohusu wagonjwa 165 waliowekewa goti bandia. Kundi moja lililazwa siku 10 kwenye kituo maalumu cha mazoezi, kisha likaendelea na mazoezi nyumbani. Kundi jingine lilifanya ya nyumbani tu. Baada ya wiki 26 walipimwa umbali wanaotembea kwa dakika 6. Waliolazwa hawakuwazidi wenzao.

Tusiuchukue utafiti huo zaidi ya unavyosema. Wale walikuwa wagonjwa wa goti bandia ambao operesheni zao hazikuwa na matatizo, na waliobaki nyumbani hawakuachwa hivihivi: walifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, wakapewa mpango, wakafuatiliwa. Kijana aliyevunjika muundi kwa pikipiki na kufungwa vyuma ana kanuni nyingine. Hata hivyo, somo linatuhusu. Nyumbani kunaweza kuwa mahali pa matibabu, mradi mgonjwa amefundishwa na kuna mtu anayemfuatilia.

Uliza haya kabla hujatoka wodini

Msikilizaji, kama wewe au mtu wako amepasuliwa goti, msiondoke hospitali bila majibu ya maswali haya. Ndugu anayemuuguza ayaandike kwenye daftari au ayarekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa.

1. Nimefanyiwa nini hasa? Vyuma, kano, pia ya goti, au goti bandia?
2. Naruhusiwa kukanyagia mguu huu? Kidogo, nusu ya uzito, wote, au nisikanyage kabisa? Hadi lini?
3. Naruhusiwa kukunja goti? Hadi wapi, na kuanzia siku gani?
4. Naomba mtaalamu wa fiziotherapia anionyeshe mazoezi, nami niyafanye mbele yake. Tunaweza kupiga picha au video?
5. Nyuzi zinatolewa lini, na zahanati au kituo cha afya cha kwetu wanaweza kuzitoa?
6. Nikipata shida nipige namba gani?

Swali la 2 na la 3 ndiyo yenye uzito mkubwa. Aliyewekewa goti bandia kwa kawaida husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Aliyevunjika mfupa wa muundi karibu na goti anaweza kukatazwa kukanyaga kwa wiki 6 hadi 12. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepona si dawa yako. Goti lake na lako huenda havikufanyiwa kitu kimoja.

Mazoezi ya mwanzo

Haya ni mazoezi ambayo wataalamu wengi huanza nayo. Fanya yale tu ambayo daktari wako au mtaalamu wa fiziotherapia amekuruhusu.

La kwanza, ukiwa umelala chali, vuta nyayo kuelekea kwako kisha zisukume mbele, kama mtu anayekanyaga cherehani. Linasaidia damu kuzunguka na kupunguza hatari ya damu kuganda mguuni.

La pili, nyoosha mguu mkekani, kaza msuli wa paja kana kwamba unataka kuligandamiza goti chini. Hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10.

La tatu, telezesha kisigino taratibu kuelekea kwenye makalio, goti likunjike hadi pale ulipoambiwa, kisha kirudishe. Kipande cha mfuko wa plastiki chini ya kisigino hurahisisha kuteleza.

La nne, mguu ukiwa umenyooka, unyanyue kiasi cha shubiri moja au mbili kutoka mkekani, ushikilie kidogo, ushushe polepole.

Kidogo kidogo mara 3 kwa siku ni bora kuliko mengi kwa mkupuo mmoja mwisho wa wiki. Maumivu yatakuwepo. Yakitulia baada ya mapumziko, endelea. Goti likiamka kesho yake limevimba kuliko jana, punguza. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa imeze kwa wakati, maana mtu mwenye maumivu makali hafanyi mazoezi. Usijinunulie diklofenaki dukani na kuimeza wiki hadi wiki, kwani inaweza kuumiza tumbo na figo.

Makosa yanayoharibu kazi ya daktari

Kuweka mto chini ya goti. Mgonjwa husikia raha, na mama wa nyumbani huona anamhurumia. Lakini goti linalolala limekunjwa usiku kucha huzoea kukunjwa, na kesho halinyooki. Mto ukiwekwa, ukae chini ya kisigino.

Kuchuliwa na kuvutwa kwa nguvu. Tunaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, na wengi wetu tumekua tukiwaona wakihudumia watu. Ila goti lenye vyuma au kano iliyoshonwa halipaswi kuvutwa na mtu asiyejua kilichomo ndani. Skrubu inaweza kuachia, na kano ikakatika tena. Dawa za majani zisiwekwe juu ya kidonda.

Kufanyia mazoezi ziwani. Ni kweli kwamba sehemu nyingine wagonjwa hufanya mazoezi kwenye bwawa la maji. Ziwa Victoria si bwawa hilo. Lina kichocho, na kidonda ambacho hakijafunga hakitakiwi kuingia maji ya ziwa hata kidogo.

Barafu bila kitambaa. Barafu hupunguza uvimbe, na kwenye mialo yetu hupatikana kwa sababu ya samaki. Tafuta iliyo safi, itie kwenye mfuko usiovuja, zungushia kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Ikikosekana, kitambaa kilicholowekwa maji baridi na kukamuliwa kinasaidia, mradi kidonda kibaki kikavu.

Kulazimisha kuchuchumaa chooni. Fundi wa kijijini anaweza kutoboa tundu kwenye kiti imara cha plastiki au kutengeneza cha mbao, kikawekwa juu ya tundu la choo. Kwa aliyewekewa goti bandia huenda kiti hicho kikawa cha kudumu, kwa sababu wengi wao hawarudi kuchuchumaa kabisa.

Usisubiri feri ya kesho

Nenda kituo cha afya kilicho karibu mara moja ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja, homa, usaha au wekundu unaoenea, au goti linalouma ghafla kuliko kawaida. Ukipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura: damu iliyoganda mguuni inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Kama ni usiku, tafuta gari.

Nani afanye nini

Mgonjwa na familia wana sehemu yao, lakini wasibebeshwe mzigo wote. Wengine pia wana deni.

Kwanza, hospitali zinazopasua. Karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro ya mazoezi na namba ya simu ya kitengo gharama yake ni ndogo kuliko bandeji iliyofungwa kwenye goti. Simu moja kila wiki kwa mgonjwa wa mbali inaweza kuokoa operesheni nzima.

Pili, halmashauri. Tumeona kwamba mgonjwa mmoja akifuata huduma mjini ni nauli 48. Wagonjwa 12 wa upande wa Kamanga ni nauli 576. Mtaalamu mmoja akivuka kuja kukutana nao kwenye kituo cha afya mara 2 kwa wiki kwa wiki hizohizo 6, nauli zake ni 24. Hata akija mara moja tu kwa wiki na mazoezi mengine yakafanyika nyumbani, wengi watanufaika. Wataalamu ni wachache, tunakubali. Chuo cha KCMC Moshi kimefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miongo kadhaa, lakini wengi wao wako hospitali kubwa za mijini. Uchache huo ndio unaofanya iwe busara mmoja avuke kuliko wengi wavushwe.

Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwa na zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu huyo si mtaalamu wa fiziotherapia na asigeuzwe kuwa mmoja. Lakini anaweza kufundishwa kuuliza kama mazoezi yanafanyika, kuona kama goti linanyooka, na kutambua dalili za hatari.

Nne, bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Chini ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu 6 kwa shilingi 30,000 ilihudumiwa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya kanda kama Bugando haikuwemo. Kadiri utaratibu mpya unavyofika vijijini, swali la kumuuliza mwandikishaji lisiishie kwenye operesheni. Muulize: mazoezi baada ya operesheni yanalipiwa? Mara ngapi? Magongo je? Kifurushi kinacholipia kisu na kuacha mazoezi kitakuwa kimelipia nusu ya goti.

Diwani na mbunge wako wanaweza kuulizwa maswali hayohayo kwenye mkutano wa kijiji. Tumezoea kuwauliza barabara, maji na vivuko, na ni haki yetu. Huduma ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake nayo ni ya kuuliza kwa jina: huduma za utengamao, katika kituo chetu cha afya, siku gani?

Kama una mgonjwa wa goti nyumbani sasa hivi, anza leo kwa jambo moja. Muulize kama anajua majibu ya swali la 2 na la 3. Kama hajui, piga simu hospitali alikopasuliwa, au mwombe mganga mfawidhi wa kituo chenu awasiliane nao kabla mgonjwa hajaongeza zoezi lolote. Na kama ameruhusiwa mazoezi, mtandikie mkeka, ukae karibu naye, umhesabie hadi kumi.